Gramu Mia Sita

Tulikuja Osaka watu wanne na mawe ya mizani,
siku tatu za kukagua mizani za ghala la dawa kule bandarini,
na siku ya tatu, saa kumi jioni,
kazi ikatuponyoka mikononi kama sabuni.

Treni ya kurudi Tsuyama ni kesho.
Bwana Kuramochi, ambaye ofisini hata kikohozi chake kina ratiba,
akalegeza tai, akasema, "Basi, tutembee."
Tulidhani anatupima.

Chini ya Umeda tukapotea.
Ngazi zinakushusha, ngazi zinakupandisha,
duka la keki uliloliacha nyuma linakungoja mbele,
na umati unakupita bila kukugusa,
kama maji yajuayo mfereji wake.
Isogai alishika ramani miguu juu kichwa chini
akaapa kwamba kaskazini imehamishwa.
Kanae, mwezi wake wa nne kazini,
alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku dogo la mawe,
lile tusilothubutu kuliacha hotelini.
Moyo ukanilipuka: mawe yale hayashikwi hata kwa mkono mtupu,
jasho la kidole lina uzito.
Nikamtazama mkubwa.
Mkubwa alikuwa anatazama keki.

Tukaibukia juu, sijui wapi, mvua imeanza.
Tukala vitumbua vya pweza tumesimama chini ya turubai,
moto wa kubabua kaakaa,
na muuzaji akitutania kwa Kijapani cha Osaka,
lugha yetu ileile, ila imefunguliwa vifungo:
"Nyie mnatoka wapi, mnaopanga foleni kwa vyeo?"
Tukajitazama. Kweli.
Kuramochi, mimi, Isogai, Kanae mkiani.
Kanae akatupita wote, akaenda kusimama mbele.

Mvua ikatufukuza hadi hamamu ya mtaani,
jengo kuukuu la vigae, dohani nyembamba,
wanaume kulia, Kanae peke yake kushoto,
ukuta wa katikati haufiki darini.
Na pale, kando ya makabati ya nguo, ilikuwa imesimama:
mizani ya kupanda mtu, rangi imebabuka,
na kibati cha shaba chenye jina la kiwanda chetu.
Ilinizidi umri.

Bwana Kuramochi akapanda, taulo kiunoni.
Akashuka. Sindano haikurudi kwenye sifuri.
Akaagiza sanduku, akapanga jiwe, akaongeza la pili,
akachutama muda mrefu, mgongo wake mweupe umejaa mvuke.
"Inatia chumvi," akasema, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.
"Gramu mia sita."

Akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa,
akaanza kuitafuta skrubu kwa sarafu ya yeni kumi.
"Wee! Acha!" Bibi mwenye hamamu, juu ya kiti chake kirefu
kinachoona pande zote mbili.
"Watu wangu wanaijua hiyo.
Miaka thelathini kila mtu anajitolea mia sita zake mwenyewe.
Ukiinyoosha leo, kesho mtaa mzima umekonda,
halafu foleni kwa daktari!"

Kimya. Maji yanachuruzika.
Kisha sauti ya Kanae ikaruka ukuta:
"Na ya huku kwetu, bibi?"
"Ya huko inapunguza kilo nzima. Nayo msiiguse!"

Miaka kumi na mmoja nafanya kazi chini yake,
sikuwahi kujua kwamba Bwana Kuramochi
akicheka hutoa sauti kama birika.
Aliingia kwenye maji ya moto mpaka kidevuni
na huko akaendelea, mabega yakitikisika,
Isogai akimwangalia kwa hofu.

Asubuhi, ndani ya treni, aliandika ripoti kwa mkono.
Ghala: mizani kumi na nne, zote sawa.
Akasita. Akageuza kalamu. Akaongeza mstari:
*Hamamuni, moja. Haikurekebishwa. Wenyewe wanaijua.*
Akanisogezea nitie sahihi.
Nikatia.