Gurudumu Lililokaa Kimya

Januari ile, mvua iliponyesha siku kumi na moja bila kupumua
na barabara ya Kasenga ikawa uji,
nilikuwa nimekwisha kujigamba mbele ya Chola na wenzake:
trekta yangu ni ya miguu minne,
yote inavuta, hata bondeni, hata usiku.
Nyie wa miguu miwili, ngojeni Mei.

Ikakwama saa tatu asubuhi.
Tela nyuma, mbolea mifuko arobaini,
na juu ya mifuko akina mama wa ushirika,
wakaacha kuimba.

Nikakanyaga mafuta.
Gurudumu la nyuma kulia likashikwa na wazimu,
likanirushia potopoto kisogoni,
likairushia bukari yangu ndani ya kitambaa.
La mbele kulia likamwiga nduguye.
Lakini kushoto, juu ya udongo wa kichuguu kilichosawazishwa,
mgumu kama kisigino,
magurudumu mawili yalitulia,
makavu, safi,
kama wageni wa heshima wanaongoja kuitwa mezani.

Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Nikahesabu tena.

Ndipo akafika Mwape Kabwita wa gereji ya Katuba
juu ya kinga isiyo na breki, spana zake ndani ya soksi.
Hakunisalimu. Akachuchumaa,
akachungulia chini ya ekseli kama mkunga.
"Zima. Unaichimbia mbolea kaburi."

Akaokota bua la muhindi, akachora topeni.
"Hapa katikati pana difu.
Kazi yake kugawa nguvu: nusu huku, nusu kule,
ila mwendo inawaachia wenyewe.
Ukikata kona, la nje likimbie, la ndani litembee,
tairi zisiburutane. Barabarani hiyo ni hekima.
Ila haina macho.
Huyu wa kulia amekalia maji, hawezi kubeba zaidi ya punje.
Basi na wa kushoto anapimiwa punje.
Unamwona mvivu?
Angeng'oa kichuguu kizima. Amepimiwa punje.
Na mbele ni hivyo hivyo, difu ya pili, kipimo kile kile.
Uliuziwa miguu minne. Leo huna hata mmoja."

Nikasema: lakini kugawa sawa si ndiyo haki?
Akacheka kwa pua.
"Kwetu tulikuwa sita, sahani moja ya sombe,
na mdogo wetu alikuwa na homa."
Hakumalizia.

Akanionyesha pedali ndogo, karibu na kisigino,
ile niliyoipaka rangi nyekundu Krismasi
nikidhani ni ya kupumzishia mguu.
"Loki ya difu. Inafunga nusu mbili kuwa chuma kimoja.
Uikanyage magurudumu yakiwa yamesimama,
la sivyo utavunja meno, na meno mengine yako Kitwe.
Usukani usiuguse. Ukitoka, achia."

Nikakanyaga. Haikushuka.
Kutu, na rangi yangu juu ya kutu.

Akatema mate pembeni.
"Breki unazo mbili, au nazo ulizipaka rangi?
Finya ya kulia. Kidogo. Kidogo, nimesema.
Ukimshika mwenye wazimu,
yule kimya atapata cha kushikia."

Nikafinya.
Injini ikashusha sauti kama mtu anayebeba.
Gurudumu la kushoto likatetemeka, likauma udongo,
tela likalia,
na sisi, mkao wa upandeupande, sentimita kwa sentimita,
tukapanda.

Hakuna aliyeimba. Mama mmoja alisema, "Ee."
Wakamchangia fundi faranga kutoka kwenye vitenge,
huyu noti tatu, huyu moja,
mjane wa Kafubu akatoa yai.
Mwape akalifunga yai ndani ya soksi ya pili, akaondoka.

Jioni nilikwangua ile rangi kwa kisu.
Chini yake palikuwa na mchoro:
ekseli, magurudumu, na msalaba katikati.
Miaka miwili nimeweka kisigino juu yake.
Nikapaka grisi. Nikabonyeza.
Mara ya tisa, ikashuka.