Neno la Peni Moja

Posta ya Camborne, Cornwall, mwaka wa ishirini na saba,
mvua inanyesha.
Kwa Kiingereza anayenyesha ni "it",
na hakuna aliyewahi kumwona huyo "it",
hana uso, hana ukoo,
ila bila yeye sentensi haisimami
na mvua haipati wa kuinyesha.

Loveday Trembath yuko nyuma ya dirisha la wavu,
penseli sikioni, kazi yake kuhesabu:
maneno kumi na mawili kwa shilingi,
la kumi na tatu lina peni yake.

Amejifunza kuchinja.
Huanza na "the". Likitoka halitoi damu,
meli iliyofika ni meli ileile.
(Kwetu je? Kwetu kitabu ni kitabu,
ukikitaka kile, nyoosha kidole.)
Kisha "a", kisha "of",
kisha "there" ile isiyoonyesha mahali popote,
imekaa mwanzo wa sentensi
kama mtu aliyeshikia mwenzake foleni.
"Please" hutoka shingo upande.
"Oh" hakuna anayeileta hadi dirishani;
watu huiacha mlangoni pamoja na miavuli.

Wajane humshukuru. Wachimbaji wa bati
waliofungiwa migodi humshukuru.
Amewaokolea mikate mingapi, Loveday,
kwa vijineno ambavyo mwalimu wake
aliviita makapi ya sarufi?

Jumanne akaingia Hannibal Rosewarne,
buti zinachuruzika, karatasi imekunjwa mara nne.
Inakwenda Sheffield, kwa Jabez, mdogo wake.
Miaka kumi na mmoja hawajasemezana,
chanzo saa ya mfukoni ya marehemu baba.
Mama anazidiwa, anakuulizia, "do come".
Pamoja na anwani: kumi na tatu.

Penseli ikashuka juu ya "do".
"Hili halina kazi," alisema Loveday. "'Come' inatosha."
Na kweli, tazama kioja:
neno ambalo maana yake ni kufanya,
na hapo lilipo halifanyi chochote.

Hannibal aliitazama ile penseli.
Si mtu wa vitabu; alichosoma maishani ni mwamba,
wapi unakubali, wapi utakuangukia.
"Ukilitoa," akasema, "inabaki amri.
Amri nilishampa. Ndiyo iliyomwondoa."

Mimi niliyelelewa na lugha nyingine
nimezunguka sana nikilitafutia "do" hilo mwenzake.
Njoo, basi. Njoo, jamani. Hebu njoo.
Njoo, bwana. Hapana, hiyo ina kicheko ndani.
Kila moja linaingia na kubana mahali,
kama kiatu cha kuazima.
Labda si neno. Labda ni ule mkono
unaomshika mtu kiwiko
bila kumvuta.

Shilingi ilikuwa tayari juu ya meza.
Akapekua mfuko wa koti, wa suruali, wa fulana,
zikatoka kamba, msumari,
peremende iliyoota manyoya,
na mwisho kabisa peni, nyeusi kwa jasho.

Loveday aliihesabu kana kwamba zilikuwa nyingi.
Kisha akageukia mashine:
kistari, nukta, nukta,
halafu vistari vitatu virefu,
kama mtu anayebisha hodi haraka haraka,
akakumbuka anabisha kwa nani,
akabisha tena taratibu.

Kama Jabez alikuja, posta haijui.
Posta hupeleka tu.
Nje "it" aliendelea kunyesha
bila kuulizwa anwani.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa na "please" mbili.
Loveday aliinua penseli, akasita,
akakata moja.