Zamu ya Usiku, Chapecó

Birane alisema Brazili ni mpira na jua.
Hakusema kuna alfajiri nyasi hugeuka chumvi
na pumzi yako inakutangulia kiwandani
kama mtu anayekujua.

Tunachinja. Ndiyo kazi iliyotuvusha bahari:
Waarabu wananunua kuku, wanataka mkono wa Mwislamu,
na mikono tunayo.
Bismillahi, kisu. Bismillahi, kisu.
Mnyororo haumsubiri mtu ameze mate.
Ikifika saa nane nimelitaja jina la Mungu
mara nyingi kuliko babu yangu wa Louga umri wake wote,
naye alikuwa muadhini.

Mama ananiuliza kwenye simu: unafanya nini huko?
Namwambia, nasoma dua.
Anacheka, anashukuru, anaomba pesa ya mabati.

Sikukimbia njaa. Andikeni hivyo.
Kwetu kulikuwa na wali, samaki, na ukuta wa kuegemea.
Niliuchoka ule ukuta.
Nilitaka mto ambamo shangazi zangu
hawajafua hata kitambaa.

Nimeuona. Unaitwa Uruguai, rangi yake chai ya maziwa.
Jumapili tulikaa ukingoni, mimi na Birane,
tukanywa majani yao machungu kwa mrija wa chuma,
tukavua viatu.
Kuku wa watu akapita, akatukodolea macho.
Midomo yetu ikaanza yenyewe: Bis—
Birane akauziba wake kwa kiganja.

"Pita, dada," akamwambia. "Leo hatupo kazini."