Hadi

Saa tano usiku, Kariobangi Kusini,
jirani wa juu anasogeza kitanda kwa mara ya tatu,
nami nimekaa na sentensi mbili fupi:

Hukata matini hadi HERUFI. HOJA ikiwa hasi, hurudi nyuma.

Maneno tisa. Niliyaandika mwenyewe miaka sita iliyopita,
kwa haraka na kwa kiburi kidogo,
nikimwandikia mtu kama mimi,
anayeiita amri kutoka ndani ya msimbo
hoja zake zikiwa tayari mkononi, kama wakili.
Mwenye vidole sikumkumbuka.

Mwenye vidole ni Kerubo
wa chumba cha uchapaji, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la beringi na plagi za pikipiki.
Kihariri nilimwekea mimi.
Nikamwambia kila amri ina maelezo yake,
uliza tu, itakujibu.

Aliuliza. Ikamjibu hivyo, kwa maneno tisa.

Mkataba ulikuwa wa Bi. Kasyoka, kiwanja cha Ruai.
Kulikuwa na maneno ya ziada mbele ya jina, akataka kuyaondoa
hadi K. Akabonyeza K.
Zikatoka nakala tatu, mhuri ukagongwa,
kiwanja kikawa cha mtu anayeitwa Asyoka.

"Asyoka ni nani?" mama wa watu aliuliza,
amesimama mlangoni na bahasha ya kaki
inayovuja mvua ya Aprili.

Kerubo hakunigombeza. Alinipigia simu kuulizia neno.
"Mwenye nyumba akisema nilipe hadi tarehe tano,
tano yenyewe imo?"
Imo, nikasema.
"Na kanjo wakisema barabara imefungwa hadi Globe,
hapo Globe kunapitika?"
Inategemea.
"Basi ungeandika inategemea."

Kwa hiyo leo nafuta.
Naanza na anachokiona yeye, ninachokijua mimi kitangoja:

Ukiiita amri hii, itakuuliza chini kabisa ya skrini:
"Kata hadi herufi gani?"
Bonyeza herufi moja tu. Usibonyeze Enta.

(Maana ataibonyeza. Kila mtu huibonyeza,
tulifundishwa kwamba jambo haliishi bila kugonga.)

Herufi hiyo nayo itakwenda.
Ukitanguliza namba 2, itaipita ya kwanza na kuishia ya pili.
Ukitanguliza namba hasi, itakata kurudi ulikotoka.

HOJA nimeihamishia chini, kwa watu wa msimbo.
Wao wana ngazi, watashuka.

Nikamsomea kwa simu. Kimya.
Nilisikia sufuria, na redio ya mtu.
"Itakwenda wapi?"
Nini?
"Hiyo herufi. Na hayo maneno. Umeandika itakwenda.
Itakwenda wapi?"

Ghalani, nikamwambia, kama jambo la kila mtoto.
Kilichokatwa hakifi, kinawekwa.
Bonyeza Ctrl na Y, kinarudi kilivyokuwa,
mradi hujaifunga programu.

Akanyamaza tena, na kimya hiki kilikuwa kizito zaidi.
"Miaka miwili," akasema.
"Kila aya niliyoikata kwa makosa
nimeichapa upya, neno kwa neno,
wenye maduka chini wakifunga vyuma vyao,
nikidhani nimeiua."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka miwili
nilikuwa napita pale kuazima chaja.

Kisha stima ikapotea mtaa mzima.
Skrini ikabaki peke yake na asilimia kumi na nne.
Palihitajika mstari mmoja zaidi, wa ghala,
na sikujua uanzie wapi.
Nikaandika: Usiogope.
Nikaukata. Hiyo si lugha ya mwongozo.

Kitanda cha juu kikasogezwa gizani.
Nikabonyeza Ctrl, na Y.