Nafsi ya Kwanza, Umoja

Sheria ya kazi yangu ni hii: maneno ni yake,
ulimi ni wangu. Akisema "mimi", nami niseme "mimi",
nisijifiche nyuma ya "anasema kwamba".
Kwa hiyo leo, hapa Kasese, saa nne kasorobo,
nimesimama kando ya kizimba nikatamka
mbele ya jaji, mbele ya karani, mbele ya mama yake Masika:
Mimi nilimpenda.
Mimi nilikwenda kwake usiku ule na panga la kukatia mikungu.
Mimi nina wazee wawili wanaonitegemea.
Naomba huruma.

Maji niliyokunywa hayakuondoa ladha.

Bwambale hakunitazama. Alitazama ndala zake za gereza,
moja ya bluu, moja ya kijani,
akaongea taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.
Mbuzi, alisema. Mbuzi wangu.
Wakili wa serikali akafungua faili:
mbuzi kumi na wawili walirudishwa wote, mwezi wa tano,
mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi; karatasi ipo,
na dole gumba la mshtakiwa lipo.
Masika aliwalipa kwa cherehani. Sare za shule,
pindo baada ya pindo, kola baada ya kola,
mpaka akawa hadaiwi na mtu.
Mwezi wa nane akauawa.

Masika. Kwetu milimani ni jina la zamu tu,
nafasi ya mtoto wa kike katika foleni ya tumbo.
Kwa Kiswahili, lugha ya askari pale mlangoni,
ni mvua ile ndefu.
Sikulitafsiri. Hakuna aliyeniuliza.

Jaji akavua miwani, akasoma.
Miaka thelathini na mitano,
toa miwili na miezi saba aliyokaa rumande,
inabaki thelathini na miwili na miezi mitano.
Kwa Kikonzo hesabu hiyo ni ndefu, haimeziki kwa funda moja.
Nikamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi
nikaruhusiwa kusema "wewe".
Wewe utafungwa.
Neno lilikuwa tamu mdomoni. Ninaona aibu kuliandika.

Nje, mama akanishika kiwiko.
"Ile miaka waliyoitoa," aliuliza, "wameipeleka wapi?"
Nikamweleza rumande. Akasikiliza hadi mwisho,
akaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama anayepokea chenji asiyoielewa.
"Mwanangu alikuwa na ishirini na sita.
Hiyo itatolewa kwenye nini?"

Sikuwa na lugha ya hilo, nami ninazo nne.

Bado alinishika.
"Sauti yako," akasema, "nimeisikia ikisema ilikwenda na panga.
Iseme kitu kingine, mwanangu. Chochote,
nisirudi nayo nyumbani hivyo hivyo."

Nikamwambia lori la kahawa la Kyarumba
linaondoka saa nane,
na mbele, kwa dereva, kuna nafasi.