Plastiki ya Dirisha la Tiketi

Walipotia kioo kipya pale bandarini Mkoani
hii ya zamani wakaiegemeza jaani.
Nikaibeba kichwani mpaka Uweleni,
mstaafu na kipande cha ofisi yake:
unene wake kidole changu cha mwisho,
imechunwa na sarafu, imepauka kwa pumzi za watu.

Bi Mize ataka sanduku la kuuzia visheti.
Nzi, asema, hawana adabu, wala hawana nauli.

Shaame akaja na mashine yake ya kukatia vyuma.
"Dakika mbili, Mzee Kombo, dakika mbili tu."
Ikalia mashine hadi kuku wakapanda ukutani,
ukatoka moshi wa ndoo iliyoungua,
na huku mbele akikata
nyuma yake plastiki yayeyuka, yajishika tena,
imefumba jeraha kama haijaguswa.
Tukatazamana.
Nimewajua watu wa namna hiyo.
Nimewauzia tiketi.

Nikamwambia, nenda kanywe kahawa.
Nikailaza mezani juu ya mkeka mkuukuu,
nikapiga mstari kwa kalamu ya wino mzito,
nikabana ubao ulionyooka, nikashika kisu.
Pole pole.
Mara ya kwanza huachi ila ukucha wa paka.
Mara ya pili, uzi.
Mara ya tano yatoka maranda meupe
kama nazi ya mbuzi mwenye meno mapya.
Mara ya kumi na mbili mkono waijua njia wenyewe,
nawe huna kazi ila kutoutia haraka.
Ukikandamiza, kisu chatoroka:
dole gumba langu ni shahidi, limefungwa kitambaa.

Kisha mstari uje sawa na ukingo wa meza,
kiganja huku, kiganja huku,
bismillahi,
ta!
Tumu, mjukuu wangu, akadhani dafu limeangukia bati.

Kuta tatu zikatoka hivyo hivyo.
Wa nne, wa mbele, ulikuwa na lile tundu:
nusu mwezi, chini,
nilikopokelea noti miaka kumi na tisa,
noti za jasho, za karafuu, za kibubu kilichovunjwa usiku.
Mikono niliijua kuliko nyuso.
Mmoja ulikuwa wa Faki, mwanangu,
kovu la mundu juu ya kifundo.
Nikamuuliza kama nilivyouliza kila mtu, bila kuinua kichwa:
kwenda tu, au na kurudi?
Akasema, kwenda tu.
Nikapiga muhuri.
Nikamrudishia chenji yake kamili.

Basi nikapiga mstari juu ya tundu, nilikate nilitupe.
Bi Mize akatoka jikoni, unga mpaka viwikoni.
"Wakata nini hapo? Na mkono wangu utapita wapi?"
Wallahi, sikuwa nimefikiri.
Nikafuta wino kwa tambara la mafuta ya taa.

Matundu ya skrubu niliyatoboa kwa drili ya kuzungusha;
ya umeme ina pupa, hupasua.
Kingo nikazipiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji,
hata shavu la mtoto lingepita salama.

Sasa liko barazani.
Alasiri jua likililalia ubavuni
mikwaruzo yote ya sarafu huwaka,
visheti vyakaa ndani kama abiria waliowahi.
Jana nilijitia mpita njia,
nikaingiza mia tano kwenye nusu mwezi.
Akaniangalia kwa nyuma ya mikwaruzo yangu,
uso umekazwa kikarani:
"Kwenda tu, au na kurudi?"

Tumu akacheka, hajui anachekea nini.
Mie jibu likanikwama,
na nyuma yangu wateja wawili
wameshaanza kunung'unika.