Mpokeaji Hayupo

Kaunas, Januari, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Gintarė ameanika buti juu ya kipasha joto
na anaipakia benki nzima ndani ya seva.

Nodi kwanza, ndiyo kanuni:
kamba haifungwi kwenye nguzo ambayo haijasimikwa.
Akaunti milioni tatu na ushei,
zimevuliwa majina, zimebaki na tarakimu,
zinaingia kimyakimya kama waliochelewa ibadani.
Kisha viungo: nani kamtumia nani,
lini, kiasi gani.
Mashine inataka kujifunza umbo la wizi,
na wizi, wameiambia, hupenda duara:
pesa hutoka, huzunguka,
hurudi kwa mwenyewe zimenawa uso.

Saa saba na dakika kumi usiku, seva inagoma.
*Mstari 48,211,906. Mtumaji yupo. Mpokeaji hayupo.*
Maandishi mekundu, hata salamu hakuna.

Anafungua faili, anashuka nayo kwa kidole.
Mtumaji: mzaliwa wa 1941, tawi la Panevėžys.
Kila tarehe tatu, euro ishirini.
Kila tarehe tano, euro ishirini zimerudi.
Akaunti inayotumiwa ilifungwa miaka sita iliyopita,
sababu namba saba,
na namba saba Gintarė haihitaji kuitafuta.

Mara sabini na mbili.
Majina waliyafuta, maelezo wakayasahau:
*Nunua glavu.*
*Nunua glavu.*
Mwezi wa Julai pia, *nunua glavu.*

Žydrūnas amebandika karatasi kwenye skrini:
"Viungo yatima, ruka. Asubuhi nataka modeli."
Akiruka, hakuna aliyetuma chochote.
Asiporuka, lile duara litaingia darasani
na mashine itamnyooshea kidole mtu wa miaka themanini na ushei.
Kutoa ni moyo, tunasema;
hatukusema moyo huandikwa safu ya ngapi.

Anasimika nodi tupu. Haina salio, haina tawi.
Viungo sabini na viwili vinaishika.
Seva inauliza lebo: moja, wizi; sifuri, si wizi.
Anaangalia kama kuna namba nyingine.
Anaandika sifuri,
akijua sifuri moja haimfundishi mtu, sembuse mashine.

Asilimia arobaini. Arobaini na moja.
Buti moja imekauka, ya pili bado.
Anaanza kutafuta, mfuko hadi mfuko,
glavu zake.